Vyama vya huduma vitadumu iwapo kila mwanachama atapewa kazi

Ni jambo lisilopingika kwamba watu wa Mikinduri, na wa Tigania kwa jumla, hawana uhaba wa vyama. Kuna vyama vya akina mama, vya vijana, vya wazazi wa shule, vya waumini wa kanisa moja na vya wakulima wa bonde moja. Jambo linalohitaji kuchunguzwa ni kwa nini vile vinavyoanzishwa kwa nia ya kuihudumia jamii bila kutafuta faida, kama vile vya kutunza chemchemi, kuwalipia mayatima karo au kukarabati zahanati, hufa upesi kuliko vingine vyote.

Historia yao hufanana. Chama huzinduliwa kwa shangwe, pakawa na fulana mpya, mgeni wa heshima na hotuba ndefu. Watu arobaini huandikisha majina. Miezi sita baadaye wanaohudhuria ni kumi na watano. Mwaka wa pili haujaisha, na waliobaki ni mwenyekiti, katibu na mhazini, nao hukutana ili kulalamika kwamba watu wa siku hizi hawajali. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Malalamiko hayo ya viongozi ndiyo ninayokusudia kuyapinga leo. Si kweli kwamba watu wetu hawajali. Ninadai kwamba vyama vingi vya huduma hufa kwa sababu vimewafanya wanachama wao kuwa watazamaji. Ninawaandikia hasa walimu na wanafunzi, kwa kuwa wao ndio makatibu wa vyama vingi vijijini, na kwa kuwa jukumu jipya la huduma kwa jamii sasa limeingizwa katika masomo yao.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, kwa hivyo msomaji aniwie radhi nikianza na neno lenyewe. Chama ni neno la Kibantu. Limeundwa kwa kiambishi ki- na shina -ama, na ki- hiyo ilipokutana na irabu iligeuka kuwa ch-, jinsi ki-umba ilivyokuwa chumba na ki-ombo ilivyokuwa chombo. Lugha za Mlima Kenya hazikupitia mabadiliko hayo. Hadi leo, Wameru na Wakikuyu husema kiama. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba chama ni kitu tulicholetewa na wageni. Klabu ndilo neno la kigeni. Chama tulikuwa nacho.

Tena tulikuwa nacho kwa namna iliyopangwa vizuri. Baraza kuu la wazee wa Ameru, Njuri Ncheke, ambalo nyumba yake iko Nchiru katika Tigania yetu hii, halikuwa baraza la kuingia kwa siku moja. Mtu alipanda ngazi, na kila ngazi ilikuwa na wajibu wake. Sina nia ya kulipamba baraza hilo kupita kiasi. Lilikuwa la wanaume peke yao, na dosari hiyo si ndogo. Hata hivyo, hapakuwa na mzee wa kiama ambaye hakujua anatarajiwa kufanya nini.

Neno mwanachama nalo lina funzo. Katika sarufi, mwana- hapa huonyesha tu mtu anayehusika na jambo fulani, kama katika mwanasiasa au mwanafunzi. Lakini hakuna ubaya kuisikia pia ile maana ya kwanza, yaani mtoto. Nyumbani mtoto hupewa kazi kulingana na nguvu zake: mdogo hufukuza kuku, mkubwa huchota maji, mwingine hupeleka mbuzi malishoni. Mtoto asiyetumwa kamwe huanza kujiona mgeni kwao. Vivyo hivyo kwa mwanachama.

Ushahidi wa hoja hii hauko mbali. Chunguza vyama vya mzunguko vya akina mama. Tuseme wanawake 12 wanachanga shilingi 200 kila wiki. Kila wiki mmoja wao hupokea shilingi 2,400, na baada ya wiki 12 kila mtu amepata zamu yake. Vyama vya aina hii hudumu miaka kumi, ishirini, hata vikarithiwa na mabinti. Havina fulana wala mgeni wa heshima. Wengi hudhani vinadumu kwa sababu ya pesa. Pesa ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa ni kwamba mama mmoja asipofika, pengo lake huonekana saa ile ile. Hesabu haitimii. Kabla jua halijatua, wenzake watakuwa mlangoni kwake wakiuliza kulikoni.

Sasa linganisha na chama cha huduma chenye watu arobaini ambamo watano ndio wanaopanga, wanaozungumza, wanaoandika barua na wanaopiga picha na wageni. Waliobaki thelathini na watano hutoa ada na kupiga makofi. Mmoja wao asipofika, hakuna kinachobadilika. Mkutano huanza na kwisha vile vile. Mara ya kwanza hukaa nyumbani kwa sababu ya mvua. Mara ya pili hukaa kwa sababu ametambua kwamba mara ya kwanza hakuna aliyemkosa. Mara ya tatu ameshaondoka, ingawa jina lake lingali daftarini. Hakuacha kwa kuwa ana shughuli nyingi, maana mwanamke wa chama cha mzunguko ana shughuli nyingi kumzidi. Ameacha kwa kuwa kuwapo kwake na kutokuwapo kwake vilikuwa sawa.

Inafaa tukumbuke kwamba hata vyama vikubwa vya huduma vya kimataifa vilianza kwa wazo hilo la zamu. Tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu mjini Chicago: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshonaji wa nguo. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi zao, na kuzunguka huko ndiko kulikozaa jina la Rotary. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930. Desturi mbili za klabu hizo zinastahili kutazamwa na mwenyekiti yeyote wa Mikinduri. Ya kwanza ni kwamba rais wa klabu hubadilishwa kila mwaka tarehe 1 Julai, apendwe asipendwe. Ya pili ni ile kanuni ya tangu mwanzo ya kuwaingiza watu wa kazi mbalimbali, ili kila mmoja alete ujuzi ambao jirani yake hana.

Wala klabu hizo hazikuwa malaika. Kwa zaidi ya miaka themanini hazikuwaruhusu wanawake kujiunga. Mlango ulifunguliwa rasmi mwaka 1989, baada ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani kutoa uamuzi wake mwaka 1987. Kwa miaka mingi pia zilishikilia mkutano wa kila wiki kana kwamba umeandikwa mbinguni, hadi mwaka 2016 zilipopewa uhuru mkubwa zaidi wa kupanga mikutano yao. Haya nayataja ili kuonyesha kwamba chama kinachoishi miaka mia moja na zaidi hubadilisha taratibu zake pindi zinapoanza kuwafukuza watu. Na mwaka 1986 Rotary ilianzisha mpango wa vikundi vya huduma vya vijijini, ambao watu wake si lazima wawe wanachama wa klabu. Huko kulikuwa kukiri kwamba mwenye kijiji ndiye ajuaye haja ya kijiji.

Lakini kwa nini twende Chicago ilhali tuna mfano hapa hapa Meru? Mwaka 1999, wakulima wa Mpwapwa, katika Mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, walianza mpango wa vikundi vidogo vya kupanda miti ujulikanao kama TIST. Mwaka 2004 ulivuka mpaka na kuja Kenya, na Meru ni miongoni mwa sehemu ulikotia mizizi. Mkulima hulipwa kidogo kwa kila mti ulio hai. Malipo hayo si makubwa kiasi cha kueleza kwa nini mtu ahudhurie mikutano mwaka baada ya mwaka. Mimi naona siri iko katika mpangilio wake, nami nitautaja kwa mambo matatu.

La kwanza ni kwamba kikundi huwa na watu 6 hadi 12 tu. Katika idadi hiyo hakuna mahali pa kujificha. La pili ni kwamba uongozi huzunguka: aliyekuwa msaidizi hushika nafasi ya kiongozi, na mwingine akawa msaidizi, hata yule mkimya aliyedhani hawezi kusimamia mkutano akajikuta anaweza. La tatu ndilo linalonivutia kama mwanaisimu. Mkutano unapokaribia kwisha, kila aliyehudhuria humwambia kiongozi wa siku hiyo jambo moja jema ambalo amelifanya katika uongozi wake. Zoezi hilo wameliita kujengana, nalo neno ni hilo hilo la Kiswahili popote mpango ulipoenea.

Tazama jinsi neno hilo lilivyojengwa. Mzizi ni -jeng-, na kiambishi -an- ndicho kinachobeba kauli ya kutendana. Kujenga ni kazi ya mmoja juu ya kingine. Kujengana ni kazi ambayo kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Lugha yetu imejaa vitenzi vya namna hii: kusaidiana, kufundishana, kuaminiana, kukosoana. Nikisoma katiba za vyama vyetu vya huduma, ninachokikuta mara nyingi ni kusaidia, kufundisha, kuhamasisha na kuelimisha. Kauli ya kutendana imetupwa nje. Chama kimejiweka upande mmoja na jamii upande wa pili, na ndani ya chama chenyewe viongozi wako upande mmoja na wanachama upande wa pili.

Hapa naingia katika suala ambalo walimu wenzangu hawapendi kulisikia, nalo ni lugha ya mikutano. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa chama kimoja cha huduma katika sehemu zetu. Jina lake halina haja. Ajenda kubwa ilikuwa kukarabati chemchemi. Kumbukumbu za mkutano uliotangulia zilisomwa kwa Kiingereza kwa muda wa dakika arobaini, bajeti ikaelezwa kwa Kiingereza, na uamuzi ukapitishwa wa kununua tangi kubwa na kuliweka upande wa juu. Nyuma ya chumba walikaa wanawake watano wanaochota maji katika chemchemi hiyo kila siku. Hawakusema neno. Walipoulizwa kama wamekubali, waliinua mikono.

Tulipotoka nje, mama mmoja aliwaambia wenzake kwa Kimeru kwamba tangi hilo litakaa tupu. Chemchemi, alisema, hukauka kila mwezi wa Septemba tangu jirani mmoja alipopanda mikaratusi ukingoni, na mikaratusi hiyo haina budi kung'olewa kwanza. Wenzake wote walilijua jambo hilo. Lilijulikana na kila mtu isipokuwa kamati. Ujuzi uliohitajika ulikuwamo chumbani muda wote wa saa mbili, umeketi nyuma, umefungwa mdomo na lugha.

Nasisitiza kwamba sina chuki na Kiingereza. Anayeandika barua kwa mfadhili wa ng'ambo aandike Kiingereza chake safi. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza, na imelipa taifa wajibu wa kukuza lugha za kiasili. Kama Jamhuri yenyewe imefika hapo, chama cha kijiji chenye wanachama arobaini kinaogopa nini? Kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili. Mjadala uendeshwe kwa Kiswahili na kwa Kimeru, kwa kadiri ya waliohudhuria. Mpango wa TIST nilioutaja umekuwa ukitoa jarida lake la Mazingira Bora kwa Kiswahili na Kimeru pia, na mkulima hulisoma au husomewa na mwanawe. Mtu hawezi kuwa mwenye chama ambacho katiba yake haielewi.

Jambo jingine linalowageuza wanachama kuwa watazamaji ni jinsi tunavyowasubiri wafadhili. Jina la Mikinduri linajulikana mbali kwa sababu ya Mikinduri Children of Hope, shirika la watu wa kisiwa cha Prince Edward huko Kanada, ambalo tangu miaka ya 2000 limeshughulikia chakula cha watoto shuleni na kambi za matibabu. Sina neno baya juu yao. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na wengi kweli wamepona. Ila nawaomba wasomaji watafakari hesabu moja. Kisiwa hicho kizima kilikuwa na watu wapatao 154,000 katika sensa ya mwaka 2021. Kaunti ya Meru peke yake ilihesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu zaidi ya milioni 1.5. Watu wachache wa kisiwa kidogo, wakitoa muda na fedha zao, wameweza kuvuka bahari hadi Nyambene. Sisi tulio wengi tunashindwa kuvuka mto kwenda kumlimia mjane wa kijiji cha pili.

Hatari yenyewe haimo katika msaada. Hatari ni kwamba chama cha hapa huanza kujiona kama kibarua cha mgawaji. Mwanachama huja kuuliza kumeletwa nini badala ya kuuliza kumebaki nini cha kufanya. Mgeni akichelewa mwaka mmoja, chama hulala. Kwa hiyo ni heri chama kiwe na angalau kazi moja, hata ndogo, ambayo kinaifanya kwa mikono na senti za wanachama wenyewe. Kazi hiyo isitajwe katika barua yoyote ya kuomba msaada.

Nadhani wapo watakaonijibu kwamba nayasema haya nikiwa na mshahara wa chuo kikuu, na kwamba mkulima wa Mikinduri hana wakati wala pesa za kutoa bure. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Uchumi wa Tigania na Igembe umeegemea miraa, na miraa ni bwana mkali. Huchumwa mapema, hufungwa katika majani ya mgomba na kusafirishwa kwa haraka, kwa kuwa thamani yake hupotea inaponyauka. Uingereza ilipoipiga marufuku mwezi Juni 2014, na Somalia ilipoifungia milango kuanzia mwaka 2020 hadi Julai 2022, mapato ya familia nyingi yalishuka pasipo kosa lao.

Lakini hebu tuufuate mfano huo hadi mwisho. Pato lilipopungua, mwanachama alikosa ada. Akikosa ada huona haya, na akiona haya hukaa nyumbani. Chama kinachomjua mwanachama kwa ada yake peke yake humpoteza katika siku ile ile anayokihitaji. Dawa ni kumruhusu alipe kwa njia nyingine: saa mbili za kuchimba mtaro, miche ishirini kutoka kitaluni kwake, au siku moja ya kumpeleka mgonjwa hospitalini. Hayati Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, aliwategemea wanawake wa vijijini ambao hawakuwa na fedha za kuchanga. Walikuwa na mikono, mbegu na ujuzi wa ardhi yao. Mbali na hayo, saa za mikutano zifuate kazi za watu. Mkutano wa asubuhi ya siku ya soko umeitishwa na mtu asiyewataka wanachama wake.

Wengine watanionya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nakubali. Lakini kumpa kila mtu kazi si kumfanya kila mtu nahodha. Jahazini kuna wa kushika usukani, wa kutweka tanga na wa kufua maji, na siku ya dhoruba yule wa kufua maji si mdogo kuliko mwenzake. Chama cha watu arobaini kigawanywe katika vikundi vya watu wanane wanane. Kimoja kiangalie chemchemi, kingine wazee wasio na watu, kingine mayatima na shule, kingine kitalu, na cha tano daftari na mawasiliano. Kila kikundi kieleze kazi yake mbele ya wote, na mwelezaji abadilishwe kila mwezi. Kamati kuu itabaki na kazi ya kuunganisha, jambo ambalo ndilo wajibu wake hasa.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa wahenga wameshamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba kabla ya kusajiliwa, na hilo ni jema. Lakini cheti ukutani hakitoshi. Mapato na matumizi yasomwe katika kila mkutano kwa lugha inayoeleweka na wote, na daftari lipitishwe mkono kwa mkono. Shaka ya mwanachama mmoja kuhusu shilingi mia tano inaweza kuvunja chama kuliko ukame wa miaka miwili.

Sasa nageukia shule. Vyama vya 4-K vilianzishwa mwaka 1962, na herufi zake zinasimamia Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mpangilio wa vitenzi hivyo ni wa busara: watu huungana kwanza, kisha hufanya, na msaada huzaliwa na kazi. Vyama hivyo vilifufuliwa rasmi mwaka 2021. Kuna pia klabu za Interact, zilizoanzishwa na Rotary mwaka 1962 kwa ajili ya vijana wa rika la sekondari. Tatizo la vyama vya shule ni moja: humtegemea mwalimu mlezi mmoja. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu mbali na maeneo yao ya nyumbani, vyama vingi vilivyotegemea upenzi wa mkuu mmoja vilijikuta yatima. Na hata bila uhamisho, kidato cha juu huondoka kila mwaka, kikaenda na kumbukumbu zote.

Tiba yake haina gharama. Chama kiwe na walezi wawili. Kila mwenye cheo awe na msaidizi wa darasa la chini ambaye anajifunza kazi kwa kuifanya. Na kiwe na kitabu kimoja ambamo kila kazi iliyofanywa imeandikwa: ilifanyika lini, na nani, kwa gharama gani, na nini kilikwenda mrama. Mwanafunzi anayeingia mwaka ujao akikisoma kitabu hicho, hataanza na sifuri.

Haya ni ya haraka kwa sababu mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake ulianza mwaka 2019, umeiweka huduma kwa jamii miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Nimelipokea jambo hilo kwa furaha na kwa hofu. Furaha, kwa sababu kijana atakayetoka shuleni akijua kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu na kumsikiliza mama wa chemchemi amepata elimu kamili. Hofu, kwa sababu twajijua. Tunaweza kulifanya somo hili kuwa fomu ya kujazwa, picha ya kupigwa na alama ya kutolewa. Darasa zima litaokota takataka sokoni kwa nusu saa, kamera ikiwapo, na Jumatatu soko litakuwa chafu kama lilivyokuwa. Kijana atajifunza kwamba huduma ni maonyesho, na akiwa mtu mzima ataanzisha chama cha fulana na mgeni wa heshima.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, msianzishe mradi mpya kwa ajili ya somo hili. Vichunguzeni vyama vilivyopo tayari hapo kijijini, hata vile vilivyobaki na watu watatu, mkawapeleke wanafunzi wawili wawili wakajiunge navyo kwa muhula mzima. Kijana wa kidato anaweza kumsaidia katibu kuandika kumbukumbu kwa Kiswahili sanifu. Anaweza kumsomea bibi daftari la mapato. Anaweza kupima maji ya chemchemi kila wiki na kuandika yanapungua mwezi gani. Kazi hizo si kubwa, lakini kila moja ikikosekana, pengo lake litaonekana.

Nanyi wanafunzi, msingoje kufikia umri wa kuwa wenyekiti. Ulizeni katika mkutano wa kwanza mtakaohudhuria: hapa kazi yangu ni ipi? Kama hakuna anayeweza kuwajibu, basi mmekwisha kugundua ugonjwa wa chama hicho. Kaeni, mshauriane na waliobaki, mkagawane kazi kabla hamjaondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Mikinduri ina vidole vingi ambavyo havijawahi kuombwa kufanya chochote.